Aliyelikomboa Gari la Mhina

Siku Mwaija alipokutana na Mhina, stendi ya Korogwe ilikuwa imefurika watu, naye amejitanda kanga ya zambarau iliyoandikwa Ulipo Nipo. Alikuwa akiuza makopa ya muhogo aliyoyaleta kutoka kwao Mkata. Mhina, kijana wa Korogwe ya Zamani, mtanashati ndani ya suruali pana za mtindo wa siku zile, aliegemea pikapu yake akayasoma maandishi yale kwa sauti.

"Kanga yako inasema kweli, au inasema tu?"

"Kanga haijui uongo," Mwaija alimjibu. "Wanaoujua ni wenye magari."

Mhina akacheka, akanunua makopa asiyoyahitaji. Wiki iliyofuata akanunua tena. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; kabla ya mavuno alikwishapeleka mahari Mkata, noti zimefungwa ndani ya kitambaa chekundu alichokidarizi mama yake.

Ndipo balaa likaingia. Mzee Sadala, baba yake Mwaija, alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu. Nyumba yake aliiacha, ila mila zake alihama nazo. Alishikilia kwamba mkwe haji ukweni akinguruma. Gari huliacha barabarani, akaja kwa miguu, kwa adabu. Mhina akatii. Walipokuwa ndani wakila ubwabwa, gari likaibwa.

Polisi walilikuta porini, halina betri wala matairi. Fundi Bernardo akalivuta kwa trekta hadi uwanjani kwake, Korogwe ya Zamani, na kila siku lililolala pale lilidaiwa ada, wala hakulitoa bila kulipwa. Wezi hawakuonekana. Basi nani alipe? Mhina alisema alipe aliyemwamuru aliache barabarani. Mzee Sadala akasema mwenye mali ndiye hulipia mali yake. Watu wazima wawili wakanuniana kama watoto, na harusi ikasimama.

Mahari ni haki yangu mimi, Mwaija aliwaza. Akamwomba mama yake ufunguo wa sanduku. Mama akampa, kisha akageukia ukutani. Mwaija akapanda basi, akamkabidhi Bernardo fedha zote ndani ya kitambaa kilekile, akamsihi asimtaje, aseme tu zimetoka Mkata. Alitaka wanaume wale wapatane pasipo mmoja kujiona ameshindwa.

Akarudi nyumbani, akangoja. Mhina hakuja. Mzee Sadala akawa anasema, si mnaona, kumbe alichokitaka ni gari lake. Msichana aliyeposwa hamfuati mwanaume kwake kumuuliza, kwa hiyo Mwaija alinyamaza. Lakini aliumia, aliumia hasa, akilia jikoni na kusingizia moshi.

Masika yalipokwisha akaenda tena stendi na makopa yake. Gari lilikuwa pale. Mhina alishuka, akamsalimu kwa sauti ya chini.

"Mbona hukurudi?" Mwaija aliuliza.

"Nirudi vipi? Bernardo alinipa kitambaa cha mama, akasema fedha zilizokuwamo zimetoka Mkata, zimelipa deni. Mtu akirudishiwa mahari haulizi, Mwaija. Anakwenda zake."

"Sikukurudishia mahari. Nilikomboa gari lako, ili uje."

Mhina akaushika mlango wa gari. Ndani alikaa mwanamke kijana, hina ya harusi bado imekolea mikononi.

"Huyu ni Zamda," Mhina alisema, macho chini. "Mke wangu."

Zamda alitabasamu, hakujua lolote, maskini. Mwaija akampongeza, akamtilia makopa kwenye kapu lake, wala hakutaka malipo. Kisha akaondoka. Alimsikia Mhina akimwita, mara moja tu, lakini hakugeuka, na maandishi ya kanga yake yakabaki yakisomeka mgongoni.

Jioni alimkuta baba yake barazani akiwaambia wageni kwamba gharama za kulivuta gari na kulilaza zilikuwa za mwenyewe, na kwamba mwishowe Mhina alilipa kama mwanaume.

"Hakulipa yeye, baba," Mwaija alisema. "Nililipa mimi."

"Kwa fedha gani?"

"Kwa mahari yangu. Naye akadhani tumemrudishia. Ameshaoa."

Mzee Sadala akaweka kikombe chake chini. Mwaija akaingia ndani, akalia, na safari hii hakusingizia moshi.