Kiti cha Nyuma cha Gari la Mhina

Kuku ndio waliojua kwanza. Walikataa hata kukanyaga kivuli cha lile gari. Mhina hakujua kitu, na si ajabu. Tangu azaliwe hapo Kwaluguru, Mhina hajawahi kujua jambo mapema.

Gari lenyewe alilitoa Mazinde, kwenye banda la shamba la mkonge lililokufa. Refu kama jeneza la mtu mwenye kiburi, paa la turubai, taa mbili za kumtolea mtu macho. Zamani bwana mkubwa wa mkonge alizungushwa nalo, vibarua wakisimama kando, kofia mkononi. Sasa Mhina alitaka binti yake Hafsa apelekwe nalo kwa mumewe Korogwe, watu waone. Waone nini, kutu? Injini haikuwaka. Lingevutwa na trekta, naye akishika usukani kama anayeendesha.

Siku gari lilipofika uani, akainamia kiti cha nyuma, kitupu, awachekeshe majirani.

"Shikamoo, bwana mkubwa!"

"Marahaba."

Walicheka, kila mmoja akidhani aliyejibu ni mwenzake. Kesho yake ngozi ya kile kiti ilikuwa imebonyea, ina joto la makalio, na ua mzima unanuka mkonge uliooza.

Fatu, mkewe, akamwita Bi Chausiku, mganga. Bibi huyo alinusa tu, mkoba hakuufungua.

"Nani alimwamkia?"

Mhina akatazama viatu vyake.

"Jini huyu hakuwa na mtu. Wewe ukamfanya mkubwa wako. Mwambie mbele ya watu kwamba si mkubwa wako, aondoke. Hakuna wa kukusemea."

"Akikasirika je, bibi?" Mhina alinong'ona. "Nitamwambia baada ya harusi."

"Baada ya harusi atakuwa na mke."

Hata hapo hakusikia.

Siku ya harusi, mchana kweupe, Hafsa akapandishwa nyuma, vigelegele vikipigwa, na kabla trekta halijanguruma kiti kikaanza kudidimia ubavuni mwake polepole, harufu ikapanda hadi wanawake wakafunika pua, na vidole asivyoviona, vikavu vyenye nyuzi kama katani, vikamzunguka kifundo cha mkono chenye hina, kimoja, kingine, kingine, vikabana.

"Baba," akanong'ona. "Mwambie."

Mhina akageuka, jasho likimchuruzika, akafungua mdomo.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Hafsa akatema mate kitini. "Mimi sijakuamkia!" Akachomoa mkono, ngozi ikabaki kwenye vidole vile, akaruka mlango, akapanda bodaboda na shela lake hadi Korogwe. Ameolewa, ana kovu, hajambo.

Gari lipo bado uani. Mhina haachi usukani, kofia mapajani, chakula analetewa humo humo. Wapita njia humwamkia, mtu mzima yule. Yeye hafumbui mdomo. Marahaba inatoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya Mhina.