Mkate wa Kitambaa Cheupe

Jumapili soko la Oqtepa halina njia, lina mabega tu. Katikati ya mabega hayo alikuwepo Munisa, trei za mayai zimepandana mikononi mwake hadi kidevuni, gauni lake la hariri ya manjano limekunjwa upande mmoja lisikanyagwe. Mbele yake wakaja wanaume wawili wamebeba kioo kirefu cha dirisha, wa mbele akipaza sauti, "Pisha! Pisha! Kioo hicho!"

Watu wote walipisha. Munisa hakupisha.

"Dada, pisha, tumebeba kioo!"

"Pisha wewe, kaka, nimebeba mayai!"

"Kioo kikivunjika kitakata watu."

"Na mayai yakivunjika nitakukata mimi. Kesho nafungua duka."

Yule mwanaume akamtazama vizuri. Alikuwa na ovaroli ya bluu, kofia ya nakshi ya pembe nne imelalia sikio, na vidole vyenye makovu madogo madogo. Akaanza kucheka, hata kioo kikatikisika na mwenzake wa nyuma akaapa.

"Kumbe wewe ndiye yule wa Tashkenti, wa keki! Sasa hiki kioo unajua kinakwenda wapi?"

"Nitajuaje?"

"Kwenye dirisha lako. Jana si ulinigombeza kwenye simu kwamba kimechelewa?"

"Wewe ndiye fundi Ikrom? Mbona kwenye simu una sauti ya mzee?"

"Na wewe kwenye simu ulikuwa mrefu."

Basi wakatoka sokoni pamoja, kioo mbele na mayai nyuma, na sisi wa Oqtepa, ambao kazi yetu kubwa ni kutazama, tukawatazama.

Munisa alikuwa amepamba keki miaka mingi katika hoteli ya Tashkenti, jiji kuu, keki ambazo hakuwahi kuwaona walaji wake. Akachoka. Mama yake mdogo, Sabohat, mjane, alikuwa na chumba kitupu kinachotazama barabara yetu, na kwetu keki za harusi zilitoka mji wa mkoa zikirukaruka njiani, zikafika zimeinama kama wazee. Munisa akaona hapo pana riziki. Baba yake alimwambia, "Nenda, ukishindwa nyumba ipo." Mama yake akaingia jikoni. Alimfungia njugu za jozi na zabibu kavu, akageuka, akalia.

Ikrom aliweka kioo. Kisha akaweka mlango. Kisha akawa anarudi kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

"Leo nini tena, kaka Ikrom?"

"Bawaba."

"Bawaba inalia?"

"Hapana, lakini inaonekana ina huzuni."

Siku ambazo hakupata kisingizio alipiga simu kutoka juu ya paa la mtu. "Unafanya nini?"

"Napiga krimu."

"Maskini, imekosa nini?"

"Imeuliza maswali mengi wakati wa kazi. Shuka kutoka juu ya paa, utaanguka, nani atanitengenezea bawaba?"

"Kumbe unanihitaji."

"Bawaba inakuhitaji. Mimi nakuzoea tu, taratibu." Kisha Munisa akakata simu, akabaki amesimama na mwiko mkononi, akitabasamu peke yake. Alikuwa anampenda, na alijua.

Naye Ikrom alijua lake. Alikuwa amepanga kwamba matunda ya aprikoti yakishaanikwa amtume mama yake Tashkenti kuposa kwa adabu. Hayo hakumwambia Munisa. Kwetu mwanamume hasemi. Wazee ndio husema.

Sasa, duka jipya kwetu hubarikiwa kwa mkate. Majuma yale ya kwanza majirani walimiminika, kila mmoja na mkate wa duara uliofungwa katika kitambaa cha maua. Munisa alifungua kila kitambaa, akavunja mkate, akamimina chai ya kijani, wakala pamoja na kumwombea kwa Mungu. Alifanya hivyo asubuhi hadi jioni mpaka mikono ikawa inajua kazi yenyewe bila kuuliza kichwa.

Ndipo akaingia Bi Muqaddas na dada zake wawili. Bi Muqaddas ni mtu mzito mjini. Ukoo wake umejaa mitaa yetu yote ya juu, na kwao haupiti mwezi bila harusi. Alivaa mahameli ya zambarau na pete kila kidole. Mezani akaweka mikate iliyofungwa katika kitambaa cheupe.

Mtoto yeyote wa Oqtepa anajua kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe ni posa. Siku ya kwanza wageni hunywa chai, humtazama msichana, huondoka, na fundo halifunguliwi. Wazee wa msichana wakiridhika, huuvunja mkate siku nyingine, na ukishavunjwa msichana ana mwenyewe. Tashkenti nako huvunja, lakini ni sebuleni kwa wazazi, wazee ndio wavunjaji, na kitambaa ni chochote kilichopatikana. Kwamba mtu anaweza kuja kumposa dukani, kati ya mayai na unga, hilo halikumpitia Munisa kichwani. Na Mama Sabohat alikuwa amekwenda zahanati na goti lake.

Munisa akafungua fundo. Akavunja mkate. Akampa Bi Muqaddas nusu kwa mikono miwili.

Wale kina mama walitazamana. Maishani mwao hawajaona msichana anayejikubalia kwa kasi ile.

"Tunashukuru, binti," Bi Muqaddas alisema, macho yamemlowa.

"Nashukuru mimi, mama. Duka hili ni lenu."

Bi Muqaddas akambusu paji la uso, akaifunga ile nusu katika kitambaa chake, wakatoka wakitembea upesi kuliko walivyoingia.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kabla jua halijashuka mama yake Ikrom alishafika uani kwake, mkono kiunoni.

"Yule wako wa keki kavunja mkate. Na Jasur, mtoto wa Bi Muqaddas, yule anayefanya kazi mbali, Kazan."

"Nani kasema?"

"Bora uniulize nani hajasema."

Ikrom alikaa chini palepale, juu ya fremu ya dirisha la mtu. Hakula. Na alifanya kosa ambalo wanaume wetu wote hulifanya na kuliita heshima: hakwenda kuuliza.

Kesho yake alikuja kumaliza rafu iliyobaki. Alipima, akapiga misumari, akafagia. Bawaba hakuitazama.

"Hongera, dada Munisa," alisema akikusanya vifaa.

Tangu sokoni hakuwa amemwita dada. "Asante," Munisa alisema, akidhani ni hongera ya duka. "Mbona leo umenuna? Umelala vibaya?"

"Kazi nyingi. Nawatakia heri."

Akaondoka. Munisa alipopiga simu iliita mpaka ikachoka. Jioni alipokea.

"Kaka Ikrom, nimekukosea?"

"Hapana, dada. Haifai tu kupigiana simu."

"Haifai tangu lini? Mbona juzi ilifaa?"

"Juzi ilikuwa juzi," akasema, akakata.

Munisa alilia akipepeta unga. Aliamini kachokwa, basi. Mwanamume alitaka kujua mwanamke wa Tashkenti anacheka vipi, amejua, ameondoka. Akaapa kutompigia tena, na kiapo hicho kilimuuma kila simu ilipolia na asiwe yeye.

Juma lililofuata dada mdogo wa Bi Muqaddas, aitwaye Hurriyat, mnene na mcheshi, alikuja kuagiza keki.

"Kubwa. Ghorofa tatu, maua ya waridi, na majina juu."

"Vizuri, shangazi. Majina ya nani?"

"Jasur na Munisa."

"Ah! Bibi arusi ni somo wangu. Munisa gani huyo, namjua?"

Hurriyat alicheka hadi akashika meza. "Wewe bwana! Munisa gani! Huyu huyu mwenye unga puani. Sasa mji mzima nani mwingine anaoka? Tulisema ni aibu kidogo kumwagiza bibi arusi keki yake, lakini ya mkoani itafika imeinama."

Munisa aliweka mwiko chini. Alimwita Mama Sabohat kutoka jikoni, akamweleza, na bibi yule akauliza swali moja tu.

"Kitambaa kilikuwa rangi gani?"

"Cheupe."

"Yaa Rabi." Mama Sabohat akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Aliposikia maana ya kitambaa, Munisa alielewa yote kwa mpigo, hata ile hongera. Moyo ukafurahi na ukamwuma papo hapo. Ikrom hakumchoka. Ikrom aliamini tu yaliyosemwa.

Angeweza kumtuma mzee akapatanishe polepole. Hakutaka. Alivaa gauni lake la kijivu lisilo na pambo, akamshika Mama Sabohat mkono, wakaenda. Bi Muqaddas alikuwa uani chini ya mzabibu, akitoa kokwa za aprikoti.

"Mama, nimekosa mimi," Munisa alisema kabla hajakaa. "Nilidhani ni mkate wa baraka ya duka. Sikujua ni posa. Sitaki kukuficha hata siku moja zaidi."

Kokwa zikaacha kulia katika sinia. "Mwanangu ana ubaya gani?"

"Simjui, mama. Ubaya ndio huo."

"Mimi baba yake nilimjua siku ya harusi."

"Na ulimpenda?"

Bi Muqaddas alifikiri kwa uaminifu. "Nilimzoea," akasema. Kisha akainuka, akaleta ile nusu ya mkate, imekauka, bado katika kitambaa. "Chukua. Sikugombezi. Lakini mkate ukirudi, na oda zetu zote zinarudi. Ukoo wangu hauwezi kula keki ya aliyetukataa."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemtukana Munisa. Watu walipita, walimsalimu, walimuuliza hali ya goti la Mama Sabohat, wakaenda zao. Keki zilikaa kabatini mpaka zikagawiwa majirani. Mama yake akapiga simu kutoka Tashkenti: "Rudi, mwanangu." Munisa akasema atafikiri, akaanza kuosha sufuria za kuokea moja moja na kuzipanga katika sanduku.

Ikrom alisikia kwamba mkate umerudi. Alikuja mchana kweupe, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nimesikia," alisema.

"Wewe kusikia hujambo. Kuuliza ndiko kunakokushinda."

"Munisa..."

"Mji mzima uliniozesha, kaka Ikrom, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Bi Muqaddas simlaumu, hanijui. Lakini wewe? Wewe uliyekuwa unanipigia simu kutoka juu ya mapaa ya watu?"

"Niliona umepata nyumba kubwa. Mimi ni fundi madirisha. Nikasema nisikuharibie."

"Ukanihurumia bila kuniuliza! Ungeuliza ningecheka, yangeisha siku ileile. Kuuliza si ujinga."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema, na ilikuwa kweli, na machozi yalimtoka. "Lakini kusamehe si kuuza keki. Duka limekufa. Na wewe mpaka sasa umesimama hapo, hujaniuliza kitu."

Ikrom alifungua mdomo. Nyuma yake barabarani majirani walikuwa wamejaa, kila mmoja ana shughuli ghafla mbele ya duka lile. Akafunga mdomo, akavaa kofia, akaenda.

Siku zilizofuata simu yake haikupatikana kabisa. Munisa akasema, haya, amesusa tena, na akafunga sanduku la kwanza kwa kamba.

Alikuwa anafunga la pili Hurriyat alipoingia, akitazama nyuma kama mwizi. "Mjukuu wangu anatimiza mwaka Jumamosi. Nipe keki. Dada asijue, tafadhali."

Kabla Munisa hajamjibu, simu ikalia. Mama yake.

"Munisa? Kuna wageni hapa. Mwanamume, anasema ni fundi madirisha, na mama yake, wamevuka milima usiku kucha. Mama amevaa mahameli, mgongo unamuuma, ananiambia wewe ni mkaidi, na kwamba mwanawe ni mkaidi zaidi. Chai hawajagusa. Baba yako anauliza, unawajua watu hawa? Wanataka tuvunje mkate."

Hurriyat aliacha kupumua ili asikie vizuri.

"Msivunje," Munisa alisema. "Msiuguse kabisa. Mpe Ikrom simu."

Simu ilipita mikono. Kikohozi. Kisha sauti ile ya mzee.

"Haloo."

"Kaka Ikrom, umekwenda kwa baba yangu."

"Nimekuja. Ndiyo heshima."

"Ni heshima, na nimefurahi. Lakini bado kuna mtu hujamuuliza."

"Wazee wote wapo hapa, Munisa. Baba yako ananitazama."

"Vizuri. Na asikie."

Munisa alisikia saa ya ukutani ya kwao, ile aliyoisikia utoto wake wote, na mtu akiweka bilauri chini.

"Unanitaka?" Ikrom alinong'ona.

"Sisikii."

"Munisa!" Safari hii alipaza kama yuko sokoni, na mama yake akasikika akisema yaa Allah. "Nakupenda. Utakubali kuolewa na mimi? Duka libaki, lisibaki, tutajua. Nakuuliza wewe. Useme wewe."

Munisa aliketi juu ya sanduku alilokuwa akilifunga. Alitaka kumtania kidogo, kumwambia ngoja nifikiri, na alishindwa.

"Nakubali," alisema. "Nakubali, Ikrom. Sasa mwambie baba avunje."

Hurriyat alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, amesahau kabisa keki ya mjukuu, na sauti yake ikasikika hadi mitaa ya juu: "Kaulizwa! Jamani, huyu kaulizwa mwenyewe, na kakubali!"