Magunzi Hayakuwa Taka

Ukimuuliza mtu wa Kitale magunzi ni nini, atakucheka. Hata mtoto anajua. Mahindi yakishavunwa, mashine ya kupukuchua huvutwa na trekta kutoka shamba moja hadi jingine. Punje zinaingia kwenye magunia. Kinachobaki ni rundo la magunzi, makavu na mepesi, na yanawaka vizuri jikoni.

Zamani rundo hilo halikuwa na bei. Akina mama wa mtaa wa Tuwan walikuja na magunia yao, wakamsalimu mwenye shamba, wakajaza, wakaenda zao. Wa kwanza kufika kila mwaka alikuwa Nasambu, ambaye mtaani walimwita kwa jina la binti yake, Mama Viola. Alikuwa mjane. Alipika uji na githeri, yaani mahindi na maharagwe, nje ya mlango wake, akawauzia watu wa boda boda na watoto wa shule. Githeri yake ilikuwa ya bei rahisi kwa sababu moto wake ulikuwa wa bure.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Waithera. Waithera alipomzaa Kagwe, mama yake mzazi alikuwa mbali, huko Nyeri. Basi Mama Viola ndiye aliyemletea uji kila asubuhi.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Maziwa hayaletwi na maombi peke yake."

Uji huo ulipikwa kwa magunzi. Waithera alikuja kulikumbuka jambo hilo baadaye, wakati kukumbuka hakukusaidia kitu.

Mwaka mmoja Waithera alienda semina ya kanisa. Huko alifunzwa kutengeneza makaa bila kukata mti. Unayachoma magunzi ndani ya pipa lenye hewa kidogo, mpaka yawe meusi. Unayasaga, unachanganya na uji wa unga wa muhogo, unafinyanga, unaanika. Kiarie, mume wake, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza pipa na mashine ya kufinyanga yeye mwenyewe. Kampuni yao wakaiita Okoa Mti.

Hoteli za Bungoma zikaanza kuagiza. Wageni wakaja kupiga picha. Waithera alijivunia kazi yake, na kwa haki, maana makaa yale yalikuwa mazuri. Lakini magunzi yakawa hayatoshi.

"Tuongee na wenye mashamba," Kiarie alisema. "Watuuzie yote. Yote kabisa."

"Na wale huja kuokota?"

"Ah, si hiyo ni taka tu, bana? Ati taka iko na mwenyewe?"

Swali la Waithera lilikuwa zuri, lakini aliliacha likaanguka hapo hapo. Laiti angalilishikilia.

Siku ya kupakia magunzi shambani kwa Mzee Kabiru, Mama Viola alifika na gunia lake kwapani. Mzee Kabiru alimkuta njiani.

"Pole, mama. Magunzi ya mwaka huu imenunuliwa. Yote."

"Imenunuliwa na nani?"

Mzee Kabiru akaonyesha pikapu kwa kidevu. Waithera alikuwa juu yake, akifunga mzigo kwa kamba. Aliyasikia yote. Akaona haya, akainamisha kichwa, akaendelea kushughulika na kamba yake. Alipoinua macho, Mama Viola alikuwa ameshafika barabarani, na gunia lake tupu.

Hawakugombana. Waliendelea kuamkiana asubuhi, ila salamu zikawa fupi.

Kisha moshi ukaanza. Ulikuwa mweusi, na ulinuka mpira. Uliingia kwa Waithera na kukaa kwenye nguo zilizoanikwa. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mama Viola, huu moshi wako unatuharibia nguo."

"Pole, Mama Kagwe," alijibiwa kwa sauti ya chini. "Nitasongeza jiko."

Alilisongeza kweli. Alilipeleka ndani ya nyumba, akawa anapikia humo, mlango umefungwa ili moshi usimfikie jirani. Nguo za Waithera zikakauka safi. Ukutani, upande wa pili, kikaanza kikohozi.

Viola alikuja kutoka Bungoma akamchukua mama yake. Wiki hiyo hiyo Dinah alipita kwa Waithera. Dinah ni mhudumu wa afya ya jamii, na kila nyumba ya Tuwan anaijua.

"Mama Viola amelazwa hospitali ya Lugulu," alisema. "Ni kifua. Unajua alikuwa akipikia nini?"

"Sijui."

"Malapa. Viatu vilivyokatika, chupa za plastiki, mipira ya baiskeli. Makaa hangeweza kununua."

"Moshi wa plastiki ni sumu," Dinah aliendelea. "Hata nje ni sumu. Ndani ni mbaya zaidi, kwa sababu hauna pa kutokea isipokuwa kifuani mwa mtu. Plastiki si kuni. Haifai kupikiwa hata siku moja."

"Mimi ndio nilimwambia asongeze jiko."

Dinah aliutazama ukuta wa Mama Viola.

"Lakini Dinah, sisi hatukati miti. Kazi yetu ni safi."

"Nani amekataa? Ni safi. Lakini mtu akianza biashara hajiulizi tu kama anaharibu mchanga, maji na hewa. Hilo ulijiuliza, vizuri. Anajiuliza pia, hii kitu ninayochukua, ni nani alikuwa anaitegemea? Kitu unaita taka, mara nyingi ni jiko la mtu mwingine. Na tembea huko mtoni uone. Wale wenye hawakuchoma malapa, walienda kukata miti."

Waithera alienda mtoni akaona visiki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yeye alikuwa ameshiba na kujisifia shibe yake.

Mama Viola alipotoka hospitalini, Waithera alimfuata Bungoma akiwa na gunia la makaa. Alimkuta nje ya nyumba ya Viola, akichagua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda.

"Mulembe, Mama Viola," alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, Mama Kagwe. Kagwe hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuomba msamaha. Siku ile kwa Mzee Kabiru sikukuona, nilikuwa na mzigo..."

"Uliniona," Mama Viola alisema, bila hasira. "Ulikuwa unafunga kamba, na kamba ilikuwa imefungwa tayari."

Waithera akalia. Mama Viola alimwacha alie.

"Magunzi haikuwa yangu," alisema baadaye. "Ungeniambia tu, mwaka huu mambo iko hivi, tungepanga. Lakini hata salamu ulininyima?"

"Rudi nyumbani. Nitakupatia makaa bure."

"Daktari amesema nisikae na moto tena. Hata huo wako mzuri." Alikohoa, akapumzika. "Na usipatie wale wamama zawadi. Waite, ukae chini nao, uwaulize. Wao ndio wanajua magunzi yao."

Majuto ni mjukuu. Waithera alirudi Kitale akijua kwamba githeri ile imekwisha, na kwamba hakuna kampuni itakayoirudisha.

Jumapili iliyofuata, yeye na Kiarie waliwaita akina mama na wenye mashamba baada ya ibada. Kiarie alinung'unika kwamba biashara itaanguka. Mama mmoja, Nyaruai, alisimama.

"Tuachieni rundo la kwanza la kila shamba," alisema. "Hayo mengine chukueni. Na mkitaka watu wa kuanika na kufinyanga, si tuko hapa? Mtulipe."

Wakakubaliana hivyo. Biashara haikuanguka. Makaa yalipungua kidogo, lakini yakawa bora, maana akina mama walijua kutenga magunzi yenye unyevu. Hoteli zililalamika, kisha zikazoea. Harufu ya mpira ikaisha Tuwan. Kando ya mto, kampuni ilipanda miche mahali pa visiki.

Mavuno mengine yakafika. Kwa Mzee Kabiru, Waithera alikuwa juu ya pikapu, kamba mkononi, akina mama walipotokea na magunia yao. Alishuka. Akawasalimu mmoja mmoja, akashika gunia la Nyaruai lijazwe. Kisha akapiga simu Bungoma.

"Wamekuja?" Mama Viola aliuliza.

"Wamekuja. Wanajaza."

"Umewasalimu?"

"Wote. Kwa majina."

Kikohozi kilisikika kwenye simu, kirefu. Waithera alingoja mpaka kikaisha.

"Haya," Mama Viola akasema. "Sasa funga kamba yako."