Supu ya Majani ya Mkaratusi

Daraja la magogo lilisombwa na maji Clem Radley akiwa amelivuka kwa urefu wa gari moja tu. Alisikia kishindo, akageuka kutazama, na kule kugeuka ndiko kulikomponza. Pikapu iliserereka kwenye tope, ikaingia korongoni kwa pua. Ilipotulia, kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimetazama upande wake chenyewe.

"Umekufa?" Noreen aliuliza kutoka kiti cha pili.

"Bado."

"Basi zima gari, unamaliza mafuta."

Noreen Tuckwell alikuwa dada wa Dot, marehemu mke wa Clem. Kwa miaka thelathini alizunguka misitu ya Gippsland, Australia, akiokota mavi ya koala, wanyama wa manyoya waishio mitini, na kuyatia kwenye chupa, kazi ya utafiti ambayo Clem, muuza nyama mstaafu, hakuwahi kuielewa. Tangu mazishi ya Dot, mwaka juzi, hawakuwa wamesemezana. Clem alikubali kumwendesha kwa sababu dereva wa Noreen aliugua na hakupatikana mwingine.

Mvua haikukata. Noreen aliufunga mguu kwa fito na mkanda wa suruali, akatandaza turubai kukinga maji ya kunywa. Maji yalitosha. Chakula kilikuwa kopo moja la maharagwe, na siku ya pili walililamba hadi kifuniko.

Siku ya tatu asubuhi, koala mnene alikaa kwenye mkaratusi juu yao, akitafuna.

"Mwone yule bwana," Clem alisema kwa uchungu. "Anakula tu mbele za watu."

"Anakula sumu, shemeji. Majani yale yamejaa mafuta makali, ni ini lake tu linaloyaweza. Na bado ananusa kila jani. Likizidi ukali analitupa. Halafu analala saa ishirini."

"Kula na kulala? Mbona hiyo ni fani yangu."

"Mtoto wake hayawezi mpaka mama yake amlishe mavi laini, apate vijidudu vya tumboni. Nina chupa nne nyuma. Nikupakulie?"

Clem akatazama pembeni.

Noreen alipopanda kilimani kutafuta mtandao wa simu, njaa ilianza kumshauri Clem. Sumu ikichemshwa hutoka, alijiambia. Kulikuwa na jiko dogo la gesi, birika, na vitawi vibichi ambavyo koala alikuwa akimwangushia hapo hapo miguuni, kama jirani mwema. Alichemsha, akanywa vikombe viwili, akatafuna na makapi.

Kikombe cha tatu hakukifikia. Tumbo liliwaka moto, msitu ukaanza kuzunguka, kwikwi zikamshika, na kila kwikwi ilinuka dawa ya kikohozi.

Noreen aliinusa harufu hiyo kabla hajamwona. Alishuka akikimbia.

"Umekula yapi?"

"Aliyo... hik... niangushia yeye."

"Clem! Hayo ndiyo aliyoyakataa!"

Alikuwa amepata mtandao kule juu; waokoaji walikuwa njiani kwa miguu, mwendo wa saa nne. Noreen alimlaza ubavu. Kope za Clem zilikuwa zinajifunga, pumzi inakuwa fupi.

"Usilale. Ongea. Kwa nini hukunipigia simu Dot alipozidiwa?"

Clem alikuwa amelibeba jibu hilo miaka miwili.

"Alinikataza. Alisema ukija utalia, na... hik... hakutaka kuondoka akikuona unalia. Nikaona heri unichukie mimi."

Noreen alimpiga kofi jepesi la shavu, akampa maji funda moja. "Endelea. Ukinyamaza nafungua chupa."

Aliendelea. Alimsimulia harusi, mbwa wao wote watano, bei za nyama za mwaka themanini na tatu. Alitapika, akaendelea. Alasiri, wanaume wawili waliteremka korongoni kwa kamba.

"Nani kapakwa dawa ya kifua?" mmoja aliuliza, akikunja pua.

"Mgonjwa," alisema Noreen. "Kaila."

Walimfunga Clem kwenye machela, mapigo yake yakiwa yametulia. Kijana mwenye fomu akamgeukia Noreen. "Wewe ni nani wake?"

Clem alifumbua jicho moja. Kulikuwa na neno moja la kweli la kujibu, shemeji, na lilikuwa limekwisha nguvu tangu Dot azikwe.

"Kaka yangu huyu," Noreen alisema. "Andika hivyo."

"Na... hik... namba yake ya simu," Clem alisema kutoka kwenye machela. "Ukiiandika, nipe na mimi. Niliifuta."