Neno Alilotumwa Yayeri

Jumamosi moja ya Juni 2008, saa mbili asubuhi, wanafunzi wa uchungaji wa Kibaptisti mjini Mbarara walikuwa tayari wameingia kwenye migomba. Siku hiyo hapakuwa na masomo. Wenyeji wa Uganda na wakimbizi wa Kongo walilima pamoja shamba lililowalisha.

Yayeri, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa jikoni na mama yake, Annah, mpishi wa wanafunzi hao. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili cha Yayeri kilikuwa cha kambini. Mwanafunzi mmoja mcheshi, Prince, alimwita Afande.

Wiki hiyo utani ulikuwa umepungua. Mama yake Anatole, mmoja wa wanafunzi kutoka Kongo, alikuwa mgonjwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Anatole alikuwa amebaki kwa ajili ya mitihani, lakini alikuwa amepatana na dada yake, Constance, kwamba hali ikibadilika atapigiwa simu na kuondoka papo hapo.

Annah alipokwenda sokoni, alimwachia Yayeri simu. Haukupita muda ikalia. Alikuwa Constance, sauti yake iko chini.

"Umwambie Anatole, mama amepumzika," alisema, kisha simu ikakatika.

Kambini, askari aliyepumzika ni yule aliyemaliza zamu na kuvua buti. Yayeri alifurahi. Lakini alipokuwa akienda shambani, aliiona habari ile fupi mno kwa mtu mwenye wasiwasi kama Anatole, naye akaipamba.

"Pasta Anatole, mama yako amepata nafuu. Amekula, sasa analala. Usiwe na shida."

Anatole aliweka jembe chini, akafumba macho na kumshukuru Mungu. Prince akasema Afande aongezewe nyota begani. Anatole alicheka, akaendelea kulima.

Mchana Constance alipiga tena kwa simu ya jirani, na Annah ndiye aliyepokea. Constance aliuliza mbona kaka yake hajafika, kwa maana maiti haiwezi kungoja zaidi na watu wanajiandaa kwenda makaburini.

Anatole alipoambiwa, alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Yayeri angeweza kusema kwamba simu ilikuwa haisikiki, na wangemwamini.

"Alikuambia neno gani?" Anatole aliuliza.

"Alisema mama amepumzika. Hiyo ya kula, niliongeza mimi."

Anatole alikaa kitako. "Kwetu kanisani, mutu akipumzika ni kusema amekufa. Ungeniletea lile neno moja, ningekuwa nimefika."

Hakumgombeza. Yayeri alilia.

Mwalimu wao, Mchungaji Rwakabuba, alitoa pikipiki yake ampeleke Anatole. Kabla ya kuiwasha, alimwita Yayeri kando. Alimwambia amefanya vyema kusema ukweli, ingawa ukweli huo haukumrudishia Anatole asubuhi yake.

"Anayetumwa hana ruhusa ya kupamba, mwanangu," alisema. "Peleka neno kama ulivyopewa, hata likiwa fupi, hata usipolielewa. Mwenye habari ndiye atakayejua maana yake. Hawa ninaowafundisha kuhubiri nawaambia hivyo hivyo."

Walifika Nakivale jua likizama. Constance alimpokea kaka yake njiani, akampeleka moja kwa moja makaburini. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.