Uzito wa Labani

"Kaza tumbo kwanza, halafu ndiyo uinue mkono," alisema Fundi Hango.

Anjelina Ntandu alikuwa amepiga magoti, viganja kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi. Aliinua mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Mgongoni mwake uti-pacha ulivuma kama nyuki ndani ya kopo. Ulikuwa mnyororo wa pingili za chuma, uliofuata uti wake wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Hango alipunguza nguvu za mashine kidogo. Kiuno cha Anjelina kikabonyea, akaanguka kifudifudi.

"Bingwa wa mkuki huyo!" alisema mama yake, aliyekaa kwenye benchi na mjukuu wake, Labani, mapajani. "Labani anatambaa vizuri kuliko wewe."

"Mama, usinichekeshe. Nikicheka naanguka tena."

Mtu anapotaka kurusha kitu, misuli ya ndani ya kiwiliwili hukaza kabla mkono haujasogea, ili uti usiyumbe. Uti-pacha ulihisi nia hiyo na kukaza mapema zaidi. Klabu ya riadha ilimvika Anjelina akiwa msichana, na mkuki wake ukaruka mbali hata picha zake zikapamba minara ya upepo ya Singida. Lakini misuli inayotanguliwa na mashine kila siku huacha kuitika. Sasa mashine ikizimwa, hakuweza hata kukaa bila kuegemea ukuta.

Mkuki alikwisha kuuacha. Alichotaka ni kumbeba mwanawe kwa mbeleko, mashine ikiwa imezimwa. Nyumbani walikuwa na kitembezi, roboti ya kulea, kilichombembeleza Labani vizuri sana. Mtoto alikuwa ameanza kukinyooshea mikono kabla ya kumnyooshea mama yake.

Kila mwisho wa mwezi walifanya jaribio. Leo bibi alimweka Labani mgongoni mwa binti yake, juu ya pingili, akakaza kanga kifuani. Hango akashusha nguvu za mashine hadi robo. Anjelina alisimama akitetemeka, jasho likimtiririka. Hakuanguka.

"Nimesimama! Fundi, umeona?"

Hango alikuwa akitazama kioo cha vipimo. Uti-pacha hupima kila mzigo unaoulemea, na mzigo wa leo ulikuwa uleule wa mwezi uliopita, kana kwamba mtoto hakukua. Alidhani kipimo kimeharibika. Akamfungua mtoto, akamfunga Anjelina dumu la maji alilolijua uzito wake. Kipimo kilikuwa sahihi.

"Mama, mtoto anakula?" alimuuliza bibi taratibu.

"Anakula kwa mama yake. Bakuli halinifikii siku hizi," alisema bibi. "Nikiuliza mbona analia, naambiwa meno." Alishika mkono wa Labani, akauzungushia vidole viwili. Vilikutana, nafasi ikabaki. "Anje. Meno haya yanaota mwezi mzima?"

Anjelina alilifungua dumu, akaketi nalo sakafuni.

"Nampunguzia uji," alisema. "Kidogo tu. Yeye anaongezeka uzito upesi, fundi, na mimi naongezeka nguvu polepole. Nilitaka anisubiri."

Bibi alimpakata mjukuu wake na kumgeuzia binti yake mgongo.

Hango alikaa sakafuni karibu na Anjelina. Alikuwa ameona wanariadha wakificha maumivu, wakinywa dawa wasizoruhusiwa. Hili hakuwahi kuliona.

"Leo atashiba," alisema. "Kesho pia. Utamfukuzia akiwa mzito, si akiwa na njaa."

"Nisipomfikia?"

"Huenda usimfikie."

Mlangoni kitembezi, kilichokuja kuwachukua, kiliwasha taa zake, kikanyoosha mikono yake laini. Labani alichangamka, akakiinamia kutoka begani mwa bibi yake.

Anjelina aliona. Akarudi kwenye magoti, akaweka viganja chini.

"Shusha tena, fundi."

"Misuli imechoka. Tutaendelea asubuhi." Hango alirudisha nguvu zote za mashine, na uti-pacha ukamwinua Anjelina wima kabla hajaamua kusimama. "Uje na bakuli lake. Atakula hapa, mbele yetu."