Koki ya Gesi Iliyofumwa na Buibui

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na bibi tulipanga foleni na ndoo zetu kwenye bomba la mtaani. Bomba lenyewe lilikohoa tu! Maji yetu yalikuwa yanamezwa na kisima cha mafuta. Mafuta ya pale ni mazito kama lami, kwa hiyo kampuni huchemsha maji, mvuke unasukumwa ardhini, mafuta yanalainika, ndipo yanavutwa juu.

Mjomba, mwangalizi wa koki za kisima hicho, alituletea habari njema. "Sasa tunachanganya mvuke na gesi. Gesi inakaa juu kama mfuniko wa sufuria, joto halipotei ovyo. Mvuke utatumika kidogo, na maji mtayapata." Tukashangilia. Miezi ikapita, bomba likazidi kukohoa. Tukimwuliza, anajibu, "Gesi naifungulia kila siku, jamani. Vumilieni."

Siku moja bibi aliteleza na ndoo akitoka bomba la mbali, akaumia kiuno. Mama alibaki kumkanda, mimi nikatumwa kumpelekea mjomba chakula kisimani. Mlinzi wa lango akanifikisha hadi mlangoni pa chumba cha kazi cha mjomba. Hapo ukutani niliona koki kubwa imeandikwa GESI. Buibui alikuwa ameifuma pande zote, na nzi wamekauka ndani ya utando.

"Mjomba, hii ndiyo unayoifungua kila siku?"

"Shika adabu yako! Hayo ni mambo ya wakubwa."

Nilipandwa na hasira, nikasahau hata chakula mkononi. "Bibi hawezi hata kugeuka kitandani! Buibui amejenga nyumba hapa, na wewe unatuambia tuvumilie?"

Kelele zangu zilimtoa mhandisi ofisini, mama mmoja mwenye kofia ngumu. Akautazama utando, akamtazama mjomba.

"Nilipofungua gesi mara ya kwanza, kipimajoto kilishuka," mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Nikadhani kisima kinapoa, nitafukuzwa kazi. Nikaifunga, nikaongeza mvuke."

"Lakini lazima kishuke kidogo gesi ikiingia, gesi haina moto kama mvuke! Mafuta chini yanaendelea kulainika vilevile. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu, mama."

"Na mimi niliamini maneno yako bila kuja kutazama. Hilo ni kosa langu. Haya, fungua."

Mjomba akaizungusha koki, utando ukachanika.

Jioni alipiga magoti kando ya kitanda cha bibi, mama yake mzazi, akamweleza yote.

"Kutojua si kosa, mwanangu," bibi akasema. "Kuogopa pia nakusamehe. Lakini ulinitazama usoni, unaniona na ndoo kichwani, ukaniambia nivumilie. Ungesema ukweli siku ile ya kwanza, ungeaibika wewe peke yako. Uliponyamaza, mtaa mzima ulikaa na kiu."

Kesho yake alfajiri mjomba alichukua ndoo ya bibi, akaja kusimama nami kwenye foleni. Aliibeba kila siku, hadi bomba letu lilipoacha kukohoa.